Mpishi dhidi ya mwanamieleka: namna ya kuigiza uchaguzi wa Marekani wa 2028 darasani

Swali limetoka kwa mwalimu mlezi wa klabu ya midahalo katika shule moja ya sekondari mjini Moshi. Klabu yake ina wanafunzi 40, nao wamekubaliana kuigiza uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2028 kati ya wagombea wawili wasiotarajiwa na mtu: mpishi wa televisheni kwa tiketi ya Democrat, na mwanamieleka mstaafu kwa tiketi ya Republican. Mwalimu anauliza kama jambo hilo linawezekana kisheria, nani angeshinda, na aliendesheje ili lisigeuke kuwa vichekesho vya mahafali.

Mwalimu, linawezekana kabisa. Ila upishi na mieleka havitaamua mshindi kwa kiasi wanachodhani wanafunzi wako. Ugumu wa wagombea wa namna hii uko kwenye mlango wa kwanza, ule wa kupitishwa na chama. Wakishauvuka, jina la chama linawabeba: takribani wafuasi tisa kati ya kumi wa kila chama humpigia mgombea wa chama chao, hata kama miezi sita kabla walikuwa wamemnunia. Baada ya hapo yanabaki majimbo saba ya ushindani na hesabu. Kwa hiyo hotuba za jukwaani zipe nusu saa, na muda mwingine wote uwekeze kwenye kura za maoni za ndani ya chama na ramani.

Sifa za mgombea ni chache. Katiba ya Marekani inataka awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 35 na awe ameishi nchini humo miaka 14. Elimu haiulizwi, uzoefu wa uongozi hauulizwi. Kwetu umri ni miaka 40, na lazima usimamishwe na chama. Kule mgombea binafsi anaruhusiwa, ingawa kila jimbo lina masharti yake ya saini. Jiandae, maana wanafunzi watakuletea majina. Obama atatajwa wa kwanza, na jibu ni hapana: Marekebisho ya 22 ya Katiba yanamzuia mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Arnold Schwarzenegger alizaliwa Austria, ndiyo maana aliishia kwenye ugavana wa California. Elon Musk alizaliwa Pretoria. Wagombea wa kubuni wanakuepusha na ubishi huu wote. Mpe Mpishi miaka 52 na kwao pawe Nevada. Mwanamieleka awe na 58 na atoke Michigan. Na mkichagua Marekani badala ya nyumbani mmefanya jambo la busara, kwa sababu shule si tawi la chama.

Sasa mlango wa kwanza. Mwanafunzi wa Tanzania anajua mtiririko huu: mtia nia anachukua fomu makao makuu ya chama, anazunguka mikoani kutafuta wadhamini, anarudisha fomu, kisha vikao vinakaa na majina yanakatwa. Marekani hakuna kikao cha kukata jina. Mpishi akishakusanya au kutumia zaidi ya dola 5,000, ana siku 15 za kujiandikisha kwenye Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi. Kisha anatimiza masharti ya kila jimbo ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura za maoni, na wanaopiga kura hizo ni wananchi kwa mamilioni, si wajumbe wa kamati kuu. Vigogo wa chama wanaweza kumchukia, kumnyima fedha, hata kumsema vibaya redioni, lakini kalamu ya kumkata hawana. Hilo likieleweka, mwanafunzi ataacha kuuliza "walimpitishaje?"

Zamani haikuwa hivyo. Mkutano mkuu ndio uliamua, na mtu asiyetarajiwa alipenya wakubwa walipokwama. Mwaka 1924 Democrat walipiga kura mara 103 kabla ya kumpata John W. Davis. Mwaka 1940 Republican walimpitisha Wendell Willkie, mfanyabiashara wa kampuni za umeme ambaye hakuwahi kuchaguliwa popote na ambaye muda mfupi kabla alikuwa Democrat. Alipita katika mzunguko wa sita. Siku hizi mkutano mkuu kwa kawaida unathibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa majimboni, na hapo ndipo kanuni ya kugawa wajumbe inapokuwa na uzito kuliko sura ya mgombea.

Lionyesheni hili kwa vikaratasi 20. Wapeni wanafunzi 20 wagombea wanne, na tuseme matokeo ni Mwanamieleka 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 2. Jimbo lina wajumbe 20 wa mkutano mkuu. Kwa kanuni ya mshindi kubeba zote, ambayo majimbo mengi ya Republican huitumia au huikaribia, Mwanamieleka anaondoka na wajumbe wote 20 ingawa asilimia 60 ya wapiga kura hawakumtaka. Kwa kanuni ya Democrat, wajumbe wanagawanywa kwa uwiano miongoni mwa waliofikisha asilimia 15. Wa nne ana asilimia 10, anaanguka. Zinabaki kura 18, na wajumbe 20 wanagawanyika 9, 7 na 4. Kura ni zilezile, lakini wa kwanza sasa hana hata nusu. Mwaka 2016 Donald Trump alipata takribani asilimia 45 ya kura zote za maoni za Republican katika kinyang'anyiro kilichoanza na watu 17, na akamaliza akiwa na wajumbe wa kutosha na ziada.

Kwa hiyo Mwanamieleka wenu anahitaji wapinzani wengi wasiokubali kujitoa. Mpishi njia yake ni ndefu zaidi: lazima ashinde mfululizo, au wapinzani wake waanguke chini ya asilimia 15 mmoja baada ya mwingine. Kama mnataka hadithi inayoaminika, andikeni hivyo. Kosa linaloharibu maigizo mengi ni kumpitisha kila mgombea kwa "umaarufu" peke yake. Umaarufu unakupa kura za mwezi wa kwanza tu.

Mgombea mwenza nao ni mtego. Kwetu sheria inataka rais akitoka Bara, makamu atoke Zanzibar, na kinyume chake. Kule hakuna pande mbili za muungano, ila Marekebisho ya 12 yanasema wajumbe maalumu wa jimbo, wale wanaomchagua rais rasmi kwa niaba ya wapiga kura, hawawezi kuwapigia watu wawili wa jimbo lao kwa vyeo vyote viwili. Mwaka 2000 George W. Bush na Dick Cheney wote walikuwa wakiishi Texas, na Cheney akahamishia uandikishaji wake Wyoming kabla mambo hayajaharibika. Mwanamieleka wenu wa Michigan akichagua mwenza wa Michigan, kura 15 za jimbo hilo haziwezi kwenda kwa wote wawili. Kikundi fulani kitaingia mtego huu. Waache waingie, kisha waulize watajinasua vipi.

Nimetaja "wajumbe maalumu", na hapa kuna utata wa lugha unaopaswa kuondolewa kabla ya kuchora ramani. Mwanafunzi wa Moshi akisikia "jimbo" anaona Vunjo, Hai au Moshi Mjini, eneo la mbunge mmoja. Jimbo la Marekani ni kama mkoa wenye serikali yake, bunge lake na mahakama zake. Mkoa wa Kilimanjaro una majimbo tisa ya ubunge. Ungekuwa jimbo la Marekani, ungepata mjumbe maalumu mmoja kwa kila mbunge, wawe tisa, halafu wawili zaidi kwa ajili ya maseneta wawili ambao kila jimbo linao, liwe kubwa au dogo. Jumla 11. Hiyo ndiyo hesabu ya Arizona hasa: wabunge tisa, maseneta wawili, kura 11. Kwa nchi nzima ni 435 na 100, na tatu za mji mkuu Washington: 538. Nusu yake ni 269, hivyo mshindi anatafuta 270.

Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza hata kwa kura moja anabeba zote. Mwaka 2000 Florida iliamuliwa kwa kura 537 na ikampa Bush urais. Maine na Nebraska ndizo pekee zinazogawa: kura mbili kwa anayeongoza jimbo zima, na moja kwa kila wilaya ya ubunge. Msizipuuze mbili hizi. Mtaona sababu sasa hivi.

Anzeni na matokeo ya 2024, Trump 312 na Kamala Harris 226. Yatoeni majimbo saba ya ushindani, ambayo yote yalikwenda kwa Trump: Pennsylvania 19, Georgia 16, North Carolina 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10, Nevada 6. Jumla yake ni 93. Mwanamieleka anabaki na 219, Mpishi na 226. Mgawo wa kura kwa jimbo haubadiliki mpaka baada ya sensa ya 2030, kwa hiyo 2028 inatumia namba hizihizi. Mpishi anahitaji 44, Mwanamieleka 51.

Sasa mwambie mwanafunzi mmoja ajumlishe Pennsylvania, Michigan na Wisconsin: 19, 15, 10. Ni 44. Mpishi anafika 270 kamili, hata moja haizidi, na Mwanamieleka akichukua manne yaliyobaki anaishia 268. Ndani ya ile 226 ya Mpishi kuna kura moja ya wilaya ya pili ya Nebraska, maeneo ya jiji la Omaha, na ndani ya 219 ya mwenzake kuna moja ya wilaya ya pili ya Maine. Omaha ikigeuka, Mpishi anashuka hadi 269 na Mwanamieleka anapanda hadi 269. Mpishi wa televisheni mwenye mamilioni ya mashabiki anaukosa urais moja kwa moja kwa sababu ya jiji moja katikati ya mashamba ya mahindi. Hakuna hotuba itakayowafundisha wanafunzi mfumo huu kuliko kufuta ile 270 ubaoni na kuandika 269.

Yale majimbo saba myaamueje? Klabu nyingi hurusha sarafu moja kwa kila jimbo. Ni kosa, na lina kipimo. Kwa sarafu saba zisizohusiana, upande mmoja utabeba yote saba mara moja tu kati ya 64. Uhalisia ni tofauti: mwaka 2016 sita kati ya saba zilikwenda upande mmoja, 2020 sita tena, 2024 zote saba. Pennsylvania, Michigan na Wisconsin hazijaachana tangu 1992. Majimbo yanapigwa na upepo mmoja wa kitaifa, bei ya mafuta na ya mayai ni ileile kote, kisha kila moja lina tabia yake ndogo.

Gawa wanafunzi 40 katika vikundi vitano vya wanane: saba wanasimamia majimbo, wa nane anashika dadu la upepo. Dadu likitoa 1, majimbo yote yanaelemea kwa Mwanamieleka kwa pointi 3. Likitoa 2, pointi 2. Likitoa 3, pointi 1. Kwa Mpishi, 4 ni pointi 1, 5 ni pointi 2, 6 ni pointi 3. Kisha kila msimamizi wa jimbo anarusha sarafu mbili za shilingi 200. Karume wawili, pointi moja kwa Mpishi. Simba kwenye sarafu zote mbili, pointi moja kwa Mwanamieleka. Zikichanganyika, hakuna pointi. Jumlisha na upepo. Ikitoka sifuri, rusha sarafu moja imalize ubishi. Upepo ukiwa pointi 2 au 3, sarafu haziwezi kuugeuza. Ukiwa pointi 1, jimbo moja moja litachepuka. Kila kikundi kirudie mara nne, mtapata chaguzi 20 za kuandika ukutani.

Nyumbani kwa mgombea ongeza pointi moja, isizidi hapo. Al Gore alishindwa Tennessee kwao mwaka 2000; angezipata zile kura 11, Florida isingekuwa na maana tena, kwani alikuwa na 266. Wanafunzi watataka kumpa Mpishi pointi tano Nevada kwa sababu "anapendwa". Kataa.

Swali lako la msingi bado lipo: kutotarajiwa kwao kunabadilisha nini basi? Mambo mawili. Mgombea wa kando akipambana na aliyezoeleka huweza kupigwa vibaya: Barry Goldwater mwaka 1964 aliambulia majimbo sita na kura 52, George McGovern mwaka 1972 aliambulia jimbo moja na mji mkuu, kura 17. Kwenu wote wawili ni wa kando, kwa hiyo kasoro hiyo inajifuta. Msimuadhibu mmoja.

La pili ni wapiga kura wasio wa kawaida. Jesse Ventura, mwanamieleka wa kweli, alichaguliwa gavana wa Minnesota mwaka 1998 kwa asilimia 37, akiwa mgombea wa chama cha tatu dhidi ya wanasiasa wawili wazoefu. Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, na watu ambao kwa kawaida hukaa nyumbani walijitokeza. Katika saba zenu, Michigan, Wisconsin na Nevada nazo zinaruhusu; Georgia haina utaratibu huo. Mkitaka kumpa Mwanamieleka faida ya mashabiki wa mieleka, mpeni pointi moja kwenye hayo matatu, basi. Mpishi naye atadai mashabiki wake. Ni haki yake, mpeni naye, na mtagundua mmerudi palepale.

Wekeni pia sanduku la tatu. Wapiga kura wakiwachoka wote wawili, hutafuta pa kwenda. Ross Perot mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima na mjumbe maalumu hata mmoja hakupata, kwa kuwa kura zake zilinyesha kama manyunyu kila mahali. George Wallace mwaka 1968 alipata kura chache kuliko hizo, takribani asilimia 13.5, lakini zilirundikana kusini, akavuna wajumbe 46. Wa tatu hahitaji kushinda ili aharibu: mwaka 2016 Michigan iliamuliwa kwa kura 10,704, na waliopigia vyama vidogo walikuwa wengi kuliko hao mara nyingi.

Mkifika 269 kwa 269, au wa tatu akiwazuia wote kufika 270, urais unakwenda kwa Baraza la Wawakilishi la Marekani, lile la wabunge 435, na hapo kila jimbo lina kura moja tu. California yenye watu karibu milioni 39 ni sawa na Wyoming isiyofikisha 600,000. Mji mkuu hauna kura. Ushindi ni majimbo 26. Wanafunzi 40 hawatoshi majimbo 50, kwa hiyo kumi wapewe vikaratasi viwili. Jimbo ambalo wabunge wake wamegawanyika nusu kwa nusu halihesabiwi, na hilo ndilo linalokwamisha. Makamu anachaguliwa na Seneti, kwa hiyo Mpishi anaweza kujikuta ikulu na mwenza wa Mwanamieleka. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa wajumbe 99 dhidi ya 84 wa John Quincy Adams, lakini wawakilishi wakamchagua Adams kwa majimbo 13 kati ya 24.

Na mgombea akifariki? Wanafunzi huipenda sana hii. Kabla ya siku ya kura, kamati ya taifa ya chama inateua mwingine. Ya Republican ina wajumbe 168. Baada ya kura lakini kabla wajumbe maalumu hawajakutana, mambo hulegea. Horace Greeley, mhariri wa gazeti aliyesimamishwa na Democrat mwaka 1872, alishindwa kisha akafa Novemba 29. Wajumbe wake 66 wakatawanyika, na watatu waliompigia marehemu hawakuhesabiwa na Bunge. Mshindi akifariki baada ya wajumbe kumchagua rasmi, makamu mteule ndiye anaapishwa.

Kalenda yenu: kura ni Jumanne, Novemba 7, 2028. Wajumbe maalumu wanakutana majimboni Desemba 19, Bunge linahesabu Januari 6, 2029, kuapishwa ni Januari 20. Kidato cha nne msiwape majukumu ya usiku huo, huo ni msimu wa mitihani yao ya taifa. Wengine wakitaka kufuatilia kwa saa za Moshi, ni usiku wa kuamkia Jumatano. Georgia inafunga vituo saa tisa usiku, North Carolina saa tisa na nusu, Pennsylvania na sehemu kubwa ya Michigan saa kumi alfajiri, Wisconsin na Arizona saa kumi na moja. Nevada kwao Mpishi inafunga saa kumi na mbili asubuhi. Waambieni pia kwamba kufunga vituo si kutangaza mshindi. Pennsylvania na Wisconsin zimekuwa na sheria ya kutogusa kura za posta hadi asubuhi ya siku ya uchaguzi, na ndiyo sababu moja mwaka 2020 watu walipiga kura Jumanne na vyombo vya habari vikamtangaza Joe Biden Jumamosi. Kwa hiyo wakati wa chai ya asubuhi watakuta ubaoni 226 kwa 219, na 93 bado ziko hewani.